Injini ya Kumrejea Mama

Yule Mpemba aliyekwenda na mashua kinyumenyume ni baba yangu.

Nalisema moja kwa moja kwa sababu nimelikana jambo hili tangu nikiwa chuo kikuu, na nimelikana kwa ustadi. Huenda kisa umekisikia. Unguja kilikuwa kikisimuliwa kwenye mabaraza kila watu walipotaka kuwacheka Wapemba, na nilipofika Dar es Salaam kusoma nilikuta kimeshanitangulia: eti kulikuwa na Mpemba mmoja aliyechomoa injini ya gari akaitia mashuani, akawasha, akatia gia ya kwanza, mashua ikarudi nyuma mpaka ikapanda pwani na kubomoa banda la watu, na tangu siku hiyo akawa anasafiri kwa rivasi. Bwenini kwetu alikisimulia msichana mmoja wa Unguja mjini, pamoja na lafudhi. Nilicheka kuliko wote. Nikamsahihisha hata mambo mawili ya kiufundi. Aliponiuliza nimeyajuaje nikasema nimeyasoma mahali, na aliponiuliza kwetu ni wapi nikasema Tanga.

Mwaka huo nilikuwa nimeandika insha ndefu juu ya ukweli katika masimulizi. Nilipata alama nzuri.

Hakuna banda lililobomoka. Hilo naomba lieleweke. Mengine mengi ni kweli, ila wanaokisimulia kisa hawasemi mtu yule alikuwa anataka kwenda wapi. Alikuwa anataka kwenda kumchukua mama.

Tulikaa Wete, nje kidogo ya mji, katika miaka ile ya mwanzo ya sitini ambapo watu wa kisiwa kizima walikuwa wakinuniana kwa sababu ya siasa. Kulikuwa na waliosusiana misikitini, na waliosusiana madukani, na nyumba mbili tatu za jirani mke na mume waliachana kwa sababu ya vyama. Kwetu hatukuwa na fahari hiyo. Kwetu ugomvi ulikuwa juu ya meli.

Baba alikuwa na gari ya abiria, ya boma la mbao, iliyokwenda Konde na Kiuyu na, barabara ikikubali, mpaka karibu na Msuka. Ilikuwa kuukuu tangu siku aliyoipata. Mama alikuwa mtu wa Unguja mjini. Aliletwa Pemba akiwa bibi arusi, na kwa miaka yote aliyokaa alikuwa bado akisema "huku" kwa sauti ya mtu aliyekuja kumwangalia mgonjwa. Huku kuna mbu. Huku samaki mzuri. Huku watu wanasema kama wanaimba. Mimi nilikuwa mtoto wa huku, kwa hiyo nilikua na lugha mbili, moja ya kuzungumza na bibi mzaa baba jikoni, na nyingine ya kuzungumza na mama ukumbini, na hadi leo nikikasirika sijui itatoka ipi.

Kitu mama alichokipenda huku bila masharti ni kiti cha mbele cha ile gari. Jioni moja moja baba alimchukua katika safari ya mwisho ya Konde, yeye na buibui lake mbele, abiria nyuma na makanda yao ya muhogo na pweza. Mama hakujua kuendesha, lakini alijua gari kwa masikio. Injini ikianza kulalamika kwenye mlima alisema, bila kumtazama baba, "Badilisha." Baba alisema, "Nilikuwa nataka kubadilisha." Kisha akabadilisha. Nadhani hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao. Sikuona mengine, na katika vitabu nilivyosoma baadaye sikuona yaliyo bora zaidi.

Mdogo wake mama akaolewa Unguja. Meli ya serikali wakati ule haikuja kila siku. Ilikuja siku zake, ikapakia karafuu na ng'ombe na watu, ikaondoka, na aliyeachwa aliachwa. Mama alifunga mzigo wake mapema. Baba aliahidi kumfikisha gatini, lakini asubuhi ile akapata abiria wa Kiuyu, akaona atakwenda na kurudi. Mvua ilikuwa imenyesha. Gari ikazama matope. Aliporudi nyumbani, yeye na matope mpaka magotini, meli ilikuwa imeshatoka, na mama amekaa juu ya mzigo wake, amevaa, na mdogo wangu mchanga mapajani.

Hakupiga kelele. Alimwuliza baba, "Mimi nimeolewa au nimefungwa? Mtu haendi kwao mpaka meli itake?"

Baba akamwambia kisiwa ndivyo kilivyo.

"Basi siku utakayokuwa na chombo cha kunipeleka kwetu nikitaka mimi, siyo ikitaka meli, siku hiyo nitakaa huku kwa raha."

"Basi nenda kwenu," baba akasema. "Nimekuacha."

Bibi alikuwa uani anakuna nazi. Sauti ya mbuzi ikakatika, na mpaka leo nazi ikikunwa mahali, mkunaji akipumzika kidogo tu, mimi hugeuka kutazama nani kasema nini.

Msomaji anayajua haya, lakini niyaseme kwa ajili ya wasioyajua: talaka moja si mwisho wa nyumba. Mke hukaa eda, na kwa muda wote wa eda mume anaweza kumrejea kwa kutamka tu kwamba amemrejea. Haihitajiki ndoa mpya wala mahari mapya. Haihitajiki hata ridhaa ya mke. Eda ikisha hajarejewa, basi. Akimtaka tena ataposa kama mgeni, na mwanamke na wazee wake wana hiari ya kukataa. Bibi alitaka mama akae eda nyumbani kwetu, kama inavyopasa. Mama akasema ataikaa kwa mama yake. Meli ya pili haikumwacha. Mtoto mchanga alikwenda naye; mimi nilibaki kwa sababu ya skuli, na niliambiwa nitamfuata likizo ikifika. Niliwaambia wenzangu darasani kwamba mama amekwenda arusini. Arusi ile ilikuwa imekwisha zamani, lakini watoto hawaulizi tarehe.

Kesho yake asubuhi bibi alimwekea baba chai, akasimama mlangoni, akamwambia aite watu wawili wa msikitini wawe mashahidi, aseme amemrejea mkewe, kisha apeleke habari Unguja kwa meli ijayo. Ni neno tu, alisema.

"Neno ndilo lililotufikisha hapa, mama," baba akajibu.

"Basi litakutoeni."

"Nikimrejea kwa neno atarudi, kwa sababu itamlazimu arudi. Atakuja kukaa huku kama alivyokaa, anaangalia meli. Alichosema ni kweli. Sitaki kumrudisha kifungoni. Nataka nimwendee na chombo, aone, aseme mwenyewe nakuja."

Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa upande wa bibi. Nilitaka neno. Sikujali mama atarudi kwa hiari au kwa kamba. Leo, nikiwa mtu mzima niliyeandika makala kadhaa juu ya haki za wanawake, na nyingine nimelipwa, najua kwamba baba ndiye aliyekuwa amesema jambo la kiungwana. Bado niko upande wa bibi.

Wakati huohuo fremu ya gari ikakatika kwenye barabara ya Konde, pande mbili, kama muwa. Injini ilikuwa nzima. Baba alikaa nayo uani siku chache anaitazama, na mimi namtazama yeye, kisha siku moja akasema, kama anajibu swali la mtu, "Injini haijui iko wapi." Magurudumu na boma la gari akampa mtu wa Mtambwe, na mtu wa Mtambwe akampa mashua kuukuu iliyokuwa imelala pwani bila tanga. Magurudumu yalikuja kuwa makubadhi. Boma nasikia lilikaliwa na kuku.

Injini ilishuka pwani ikining'inia kwenye miti miwili, imebebwa na wanaume kama jeneza, na imefunikwa gunia kwa ajili ya mvua. Njiani watu walisimama kwa heshima na wawili wakaja kupokezana bega. Walipoambiwa ni nini hawakuacha, walisema wameshaanza.

Aliyekuwa na kazi ngumu ni fundi wa vyombo, mzee wa pale pwani mwenye ulimi uliozidi shoka lake. Baba alimweleza anachotaka: magogo mawili ya mfenesi yafungwe juu ya mataruma, yaani mbavu za mashua, injini ikalie, na nyuma, chini ya maji, litobolewe tundu la kupitishia chuma kirefu kitakachozungusha rafadha, ile feni ya kusukumia chombo. Fundi akaweka chini kekee yake. Alisema maisha yake yote kazi yake imekuwa kuziba matundu ya vyombo, baba yake alikuwa akiziba matundu, babu yake alikuwa akiziba matundu, na leo amekuja dereva wa gari amemkodi atoboe.

"Litazibwa," baba akasema. "Chuma kitapita katikati, na pembeni tutajaza pamba na mafuta."

"Sasa si uache tu lilivyo, lisiwe tundu, tuokoe pamba?"

Lakini alitoboa. Alitoboa kwa uangalifu wa mtu anayemtoboa mtoto masikio, na siku nzima ile hakusema na mtu.

Kazi nyingine baba alifanya mwenyewe, na sitadai kwamba alikuwa anajua. Alikuwa anabahatisha kwa bidii. Ufundi wake ulikuwa wa kuifanya gari ifike Konde, na sasa kila kitu alichokijua kilikuwa kweli nusu. Feni na radieta hazikuwa na maana tena, kwa hiyo akavuta maji ya bahari kwa bomba kutoka chini ya mashua, yakapita ndani ya injini kuipoza, yakamwagwa ubavuni. Nilipoona mara ya kwanza nilisema mashua inakojoa, na bibi akaniambia niseme inatoa maji. Injini aliilaza kidogo kuelekea nyuma ili ilingane na kile chuma, na mafuta yote yakakimbilia nyuma, kijiti cha kupimia kikawa kinasema uongo. Akaiinua, akailaza tena. Gia boksi aliibakisha, kwa ajili ya kurudi nyuma kwenye gati. Aliubakisha usukani wa gari, ukavuta sukani ya nyuma ya mashua kwa kamba mbili. Na akakipigilia misumari kiti cha mbele, kile cha ngozi kilichochanika, upande wake uleule wa kushoto. Fundi alimwuliza cha nini. Baba akasema ni cha abiria.

Rafadha ilitoka Mkoani, kwa mtu aliyekuwa na vyuma vya boti iliyovunjwa. Ilikuwa nzuri, ya shaba, na nililazwa na homa siku ilipokuja lakini baba aliileta mpaka kitandani nione. Mapanga matatu, yamejipinda kama maua. Hakuna aliyejua kwamba rafadha zina mkono, kama watu: kuna za kulia na kuna za kushoto.

Siku ya majaribio pwani ilijaa baada ya sala ya alasiri. Hata waliokuwa wamesusiana walikuja, wakasimama mbalimbali. Baba alisoma Fatiha, akazungusha hendeli, injini ikawaka, na sauti ya gari yetu, ileile niliyokuwa nikiisikia kila siku ikitoka barabarani, ikaanza kutoka baharini. Nilisikia baadaye kwamba mama mmoja wa Kiuyu alitoa makanda yake mpaka njiani, akangoja.

Baba akaketi nyuma ya usukani. Akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza, akaachia taratibu, kama mtu mwenye abiria. Mashua ikaja nyuma. Ilikuja kwetu, kwa upole, mkia mbele, watu wakapisha, ikasimama mchangani.

"Imesahau kitu nyumbani," fundi akasema.

Kicheko kile bado nakisikia, na naona ndicho kilichopanda meli kikaenda Unguja, kisha Dar es Salaam, mpaka bwenini kwetu. Baba hakucheka wala hakukasirika. Alisukuma mashua, akajaribu tena, ikaja tena. Ndipo akazima, akaingia majini, akaishika rafadha kwa mikono miwili, akaipapasa, akaelewa. Ilikuwa ya mkono mwingine. Injini ikizunguka kwenda mbele, yenyewe inasukuma kurudi nyuma.

Akapanda, akawasha, akatia rivasi. Mashua ikaenda mbele.

Ilikwenda, narudia, kwa sababu ndipo kisa kinapoishia barazani na ndipo kwangu kinapoanzia. Ililia sana, maana rivasi ya gari ni gia ya kutoka uani, siyo ya safari; lakini ilikwenda sawasawa, ikazunguka ile ghuba yote, ikarudi, na maji yakimwagika ubavuni kama kawaida. Watu walikuwa wanashangilia na kucheka pamoja. Fundi aliingia majini mpaka kiunoni kuishika pua ya mashua, na uso wake ulikuwa haufanyi mzaha tena.

"Yakhe, inakwenda. Pakia mafuta, ondoka kesho."

"Kwa rivasi?" baba akauliza.

"Bahari haijui gia."

"Yeye anajua," baba akasema. "Amekaa kiti cha mbele miaka kumi. Atanisikia kabla sijafika gatini kwamba naja kinyumenyume."

Fundi akaiachia pua ya mashua. Hata mimi nilielewa. Mtu aliyemkosesha mkewe meli kwa sababu ya matope hawezi kumfikia mbele ya ndugu zake huku injini inalia kwa rivasi. Alitaka aje kwa gia ya kwanza, abadilishe ya pili, abadilishe ya tatu, na mama asimame ukutani pwani kwao asikie kila mabadiliko, asiwe na la kusema. Akaagiza rafadha ya mkono wa kushoto kwa nahodha aliyekuwa anakwenda Mombasa.

Tulingoja. Baba hakuwa na haraka, kwa sababu alikuwa na hesabu yake. Kila mwezi ulipoandama alitoka nje kuutazama na kusoma dua, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye muda wake bado unamtosha. Eda, kama alivyosikia tangu utotoni kwa kila mtu, ni miezi mitatu. Ndivyo watu wanavyosema barazani, ndivyo wanavyosema jikoni. Lakini hiyo ni ya mwanamke asiyeona siku zake. Mwanamke anayeona siku zake hahesabiwi kwa mwezi wa mbinguni; eda yake ni tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi kati ya siku zake, na tohara tatu zinaweza kwisha miezi mitatu ikiwa bado mbali. Sheikh yeyote angemwambia, kama angeuliza. Hakuuliza, kwa sababu mtu haulizi anachokijua.

Bibi alikuwa anajua. Naye alikuwa anadhani baba anajua. Kisha akaanza kushuku kwamba hajui, na hapo akakwama, kwa sababu ilibidi azungumze na mwanawe wa kiume habari za damu ya mkewe. Aliponisimulia, nilikuwa nimeshakuwa mke wa mtu, na hata wakati huo alisema huku akitazama pembeni. Alijaribu kwa njia zake. Jioni moja baba akiwa uani anatafuta mwezi, bibi alimwambia, "Usiutazame huo tu. Wanawake wana miezi yao." Baba akacheka, akadhani anaharakishwa. Bibi akarudi jikoni. Kosa la rafadha lilirekebishika. Lilihitaji chuma kingine tu. Hili lilihitaji mzee mmoja avunje haya kwa sentensi moja, na katika nyumba yetu haya ilikuwa imejengwa imara kuliko kuta.

Siku ya majaribio eda ilikuwa bado ipo. Hili nimelipiga hesabu mara nyingi, usinilazimishe nilionyeshe. Angeondoka kesho yake, kwa rivasi, akilia njia nzima, angemkuta.

Rafadha ya Mombasa ilikuja ndani ya mwezi wa tatu. Fundi akaitia bila neno la mzaha hata moja, na mchana ule baba akatoka ghubani kwa gia ya kwanza, akabadilisha ya pili, akabadilisha ya tatu, mashua ikainua pua. Hakukuwa na watu pwani. Jambo linalokwenda sawa halina watazamaji. Mimi nilikaa kwenye kile kiti cha abiria, na baba alipochelewa kidogo kubadilisha nilitaka kusema, nikaona si mahali pangu.

Kabla ya kwenda ilibidi aarifu. Mtu hatokezi kwa wakwe kama mvua. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa karani kwenye ofisi moja ya Unguja yenye simu, kwa hiyo asubuhi ya pili yake baba alioga, akavaa kanzu na koti, akajitia manukato, akanishika mkono tukaenda posta. Alinichukua, alisema, ili nimwamkie mjomba. Bibi alitusindikiza mpaka mlangoni. Akaniweka sawa mtandio, kisha akaniweka sawa tena.

Baba hakuwahi kupiga simu. Karani wa posta alimwonyesha pa kusemea na pa kusikilizia, akamwambia aseme kwa nguvu. Simu za wakati ule hazikuwa na siri. Mtu alipiga kelele Wete, mwenzake akapiga kelele Unguja, na waliokuwa kwenye foleni ya stempu walijua habari za pande zote mbili. Sauti ya mjomba ilitoka nyembamba, lakini niliisikia yote.

Walisalimiana. Baba aliuliza hali ya mzee, na ya mama mkwe, na ya watoto wa nyumba ile mmojammoja, na mjomba akajibu wote wazima. Kisha baba akajinyoosha.

"Shemeji, naja Ijumaa. Naja na chombo changu mwenyewe, kina injini. Mwambie dada yako namrejea, wewe uwe shahidi, na karani wa posta huyu hapa awe shahidi. Lakini mwambie pia hatakuja kwa nguvu. Akitaka. Na siku yoyote akitaka kuja kwao, nitamleta mimi."

Karani wa posta aliacha kugonga mihuri.

"Shemeji," mjomba akasema, "eda imekwisha."

"Haijesha. Mwezi bado haujaandama."

"Si ya mwezi, shemeji. Dada bado kijana, anaona siku zake. Tohara tatu. Imekwisha zamani."

Baba aliitazama ile simu, kama kwamba imetia gia yenyewe. Kisha akasema, kwa sauti ya chini mpaka mjomba akamwomba arudie, "Basi naja kuposa. Nitaposa upya."

"Ameshaposwa. Mzee ameshajibu. Mtu wa hapahapa mtaani."

"Yeye kasemaje?"

Waya ulilia kidogo, kisha sauti ikarudi. "Kila meli ilipokuja kutoka kwenu alinituma gatini niulize kama kuna barua, au salamu, au mtu. Kila meli, shemeji. Sikuwa na la kurudi nalo. Mara ya mwisho hakunituma."

"Nilikuwa natengeneza chombo."

"Hatukujua," mjomba akasema.

Baba aligeuka kuitazama foleni. Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa ameyainamisha macho, na wa nyuma yake pia. Mjomba alisema maneno mengine, kwamba ni mambo ya Mungu, na kwamba mtoto wa kike, yaani mimi, aletwe likizo, mama yake anamtaka sana.

"Atakuja," baba akasema. "Atakuja na meli."

Hapo ndipo ningetarajia aweke simu. Karani naye alitarajia, alikuwa ameshanyoosha mkono kuipokea. Lakini baba aliishikilia, akaisogeza karibu zaidi na mdomo.

"Na yule mdogo? Ameota meno?"

"Ameota," mjomba akasema. "Mawili."

"Ya juu au ya chini?"

"Ya chini."

"Ndiyo," baba akasema. "Ya chini ndiyo hutangulia."